Queen pale Wembley: toleo la kulipia na toleo la kuliacha

Malalamiko ninayoletewa kuhusu CD za Queen, bendi ya rock ya Uingereza, yanafanana: "Wimbo wa Bohemian Rhapsody unaruka, nimeuziwa CD mbovu." CD yako ni nzima, ndugu yangu. Umeuziwa Live Magic, albamu yao ya nyimbo zilizorekodiwa jukwaani.

Ubora wa sauti niwaachie wengine. Mimi naangalia mkasi umepita wapi. Live Magic ilitoka Desemba 1986, baada ya ziara yao ya mwisho na mwimbaji wao Freddie Mercury, na katika kubana nyimbo 15 kwenye santuri moja wakakata bila huruma. Kwenye Bohemian Rhapsody sehemu ya opera, ile ya katikati yenye sauti nyingi zinazopokezana, haimo kabisa: Freddie yuko kwenye piano, mara gitaa limeshaingia. Is This the World We Created...? na We Are the Champions nazo zimepunguzwa. Wako wanaotetea kwamba hata jukwaani opera ilipigwa kwa kanda, wenyewe wakiwa wametoka. Sawa, lakini waliojaa uwanjani waliisikia. Mimi niliyelipa hela yangu nikose kwa nini?

Kwa hiyo namba moja, na sifichi upendeleo, ni Live at Wembley '86 iliyotoka 1992. CD mbili, vipande 28, onyesho la Jumamosi tarehe 12 Julai 1986 kwenye uwanja wa Wembley, London. Opera imo. Zimo hata zile rock 'n' roll za zamani walizopiga kujifurahisha, Tutti Frutti na Hello Mary Lou, ambazo mhariri mwenye haraka angezitupa kwanza. Mwaka 2003 ilitolewa upya kwa jina la Live at Wembley Stadium, ikaongezwa nyimbo chache mwishoni. Kama ya 1992 unayo, tulia nayo. Nyongeza hizo hazistahili kukulipisha mara mbili.

Namba mbili ni DVD ya 2011, ya kuadhimisha miaka 25. Humo onyesho la Ijumaa, tarehe 11, limewekwa zima pamoja na la Jumamosi. Angalia tu usije ukapewa nakala iliyorekodiwa kutoka kanda ya video (VHS) ya 1990, maana ile nayo ilipunguzwa nyimbo.

Live Killers ya 1979 naiweka ya tatu. Ni ya ziara ya Ulaya, opera imo, ila Radio Ga Ga usiitafute, ilikuwa haijatungwa.

Live Magic? Ukipewa bure, pokea.

Sasa wauzaji. Mtu anaweka mtandaoni picha ya kava la mbele peke yake, anaandika "original, adimu sana", kisha anataka bei ya CD mbili kwa CD moja. Juu yake kuna gharama ya kusafirisha inayoishinda CD yenyewe, na ushuru haujaguswa. Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946, lakini Mji Mkongwe ni rahisi zaidi kuuziwa fulana yenye sura yake kuliko CD halali yenye sauti yake.

Kabla hujatuma hela, dai picha ya nyuma ya kava na uhesabu nyimbo. Zikiwa 15, mwambie amtafute mteja mwingine.