Presha kuka, gesi au koili? Lipi ununue kwanza kama maharage yanapikwa kila wiki

Kinachomaliza mkaa na muda nyumbani si chai wala wali. Ni maharage, makande, kwato na utumbo. Mama anawasha jiko saa nane mchana, na saa kumi na moja bado anaongeza maji. Ndiyo maana nimepanga majiko haya kwa kipimo kimoja tu: nusu kilo ya maharage makavu, yaive mpaka yabonyeke kwa kidole. Bei za umeme nilizotumia ni za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania.

Nafasi ya kwanza: presha kuka ya umeme

Hii ndiyo ya kununua kwanza, hata kama itabidi usubiri miezi miwili kukusanya pesa. Mvuke uliofungiwa ndani hupandisha joto hadi nyuzi 110 na zaidi, wakati sufuria ya kawaida haivuki 100. Kwa walioko Mbeya, Njombe au Makete tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi au chini yake, na maharage yanagoma kuiva.

Kabla ya kuwasha nilisoma LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla: yuniti 41.6. Maharage yalilala kwenye maji usiku kucha. Dakika kama 15 za kupanda presha, dakika 25 za kupika, kisha nikaacha mvuke ushuke wenyewe. LUKU ikasoma 41.2. Mteja wa kawaida akinunua umeme wa Sh 10,000 hupata takriban yuniti 28, kwa hiyo sufuria ile ilinigharimu chini ya Sh 150. Siri yake ni kwamba ile wati 1000 iliyoandikwa chini haiwaki muda wote. Presha ikishapanda, moto unakata na kurudi kidogo kidogo, na wewe unaendelea kufua.

Familia ya watu watano au sita ichukue ya lita 6. Maharage yasivuke nusu ya sufuria kwa sababu povu lake huziba valvu. Tui la nazi litie mwishoni, mfuniko ukiwa wazi.

Kabla hujalipa, vua ule mpira wa ndani ya mfuniko uukague. Uwe laini, usiwe na mkato, na muuzaji akuhakikishie kuwa anauza wa akiba. Mpira ndio unaochoka mapema kuliko vyote, na ukikosekana, presha kuka nzima inageuka pambo la kabati. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Mimi niliitumia na ekstensheni ya bei rahisi, plagi ikaanza kunuka na kuyeyuka kabla maharage hayajaiva.

Nafasi ya pili: gesi, pamoja na sufuria ya presha ya kawaida

Presha kuka haisongi ugali wala haipiki chapati, na umeme hukatika. Kwa hiyo gesi inabaki kuwa mshirika wake. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchemsha maharage kwa saa mbili juu ya mtungi wa kilo 6, halafu wanasema gesi ni ghali. Weka sufuria ya presha ya kawaida juu yake, na ikianza kulia punguza moto hadi mdogo kabisa. Moto mkubwa baada ya hapo unatoa mvuke tu, hauharakishi chochote.

Nafasi ya tatu: kapu la joto

Hili unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa kapu la ukili, blanketi kuukuu na mto wa pamba. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 20 hivi, yatokote kwelikweli, kisha funika na uyazike humo kwa saa kadhaa. Usiruke hatua ya kutokota, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayoharibu tumbo, na joto la vuguvugu haliiondoi. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kula.

Nafasi ya nne: jiko la indaksheni

Ni jepesi, safi na linachemsha maji upesi. Tatizo ni kwamba halitambui sufuria zetu za alumini. Nenda dukani na sumaku: isiponata chini ya sufuria, jiko halitawaka. Wenye sufuria za chuma tayari wanaweza kulipandisha nafasi moja. Wengine wahesabu na bei ya sufuria mpya.

Jiko banifu la mkaa ni bora kuliko jiko la bati tupu, kwa sababu udongo wake wa ndani hushika joto na mkaa unadumu zaidi. Linunue kama umeme haujafika kwenu, na upikie mahali penye hewa.

Nafasi ya mwisho: jiko la umeme la koili

Linavutia kwa sababu ya bei, na hapo ndipo watu wanapoumia. Koili la wati 1500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula yuniti 3, yaani 90 kwa mwezi. Aliye kwenye daraja la Sh 100 kwa yuniti, ambalo mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi, anatolewa humo na koili peke yake. Presha kuka ikipika maharage mara kumi kwa mwezi haifiki yuniti 5.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji amimine maji vikombe viwili kwenye presha kuka ya umeme, afunge na kuichomeka mbele yako. Subiri mpaka kipini kidogo cha kwenye mfuniko kipande juu na mvuke uache kuvuja pembeni mwa mfuniko. Asipokubali kuijaribu, nenda duka la pili.