Kuingia Marina ya Bouregreg kwa boti ya matanga: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mchanga, watu hawana kosa.

Marina, yaani bandari ya boti za starehe, iko Salé nchini Moroko, ng'ambo ya Rabat, ndani ya mto Bouregreg, na kazi yote ni kuingia. Mlango wa mto unaitazama Atlantiki uso kwa uso, na mchanga umejilimbikiza pale pale mlangoni. Wimbi kubwa la mbali likifika kwenye kina kile kifupi linasimama na kuvunjika, hata kama upepo umelala. Siku mbaya mlango unafungwa, basi.

Tulikuwa tunaipeleka boti Visiwa vya Kanari kutoka Cádiz. Usiku ni macho tu, maana wavuvi wa pwani ile hutandaza nyavu na taa zao ni hafifu. Asubuhi kilichotangulia kuonekana ni Mnara wa Mohammed VI upande wa Salé, jengo la mita 250, huna haja ya kubahatisha. Nahodha akaita marina kwa redio, chaneli 10. Wakauliza urefu wa boti na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, umezama kiasi gani, kisha wakatuambia tusubiri nje maji yajae. Bamvua ya huku, tofauti ya maji kujaa na kupwa, hufikia kama mita tatu, kwa hiyo mtu wa Mombasa hashangai.

Ikaja boti ya rubani, anayeongoza vyombo kuingia bandarini, ndogo ya mpira. Kijana kasimama wima, anatuonyesha kwa mkono: kushoto, kushoto tena, haya nyooka. Nilikuwa tezi, nyuma ya boti, napanga dafrao za kukinga ubavu, wimbi likatunyanyua nyuma, boti ikataka kwenda ubavu, nahodha akakaza usukani na kuongeza moto. Ngome ya Oudaya, ile kongwe ya Rabat, ikatupita kulia, karibu kiasi cha kuona watu wanakunywa chai. Dakika chache baadaye maji yakatulia kabisa. Ndiyo maana maharamia wa Salé wa karne ya 17 walipapenda: vyombo vyao vyepesi viliingia, meli kubwa zilizowafukuza zikabaki nje na mizinga yao.

Kwenye gati la mapokezi walikuja polisi na forodha, wapole, pamoja na mbwa. Makucha yake yaliteleza kwenye sitaha, lakini alipofika jikoni akaganda mbele ya kopo langu la dagaa hadi ofisa akacheka. Ukiwa na droni itaje mwenyewe, Moroko hairuhusu kuingia nayo bila kibali.

Ukishafunga kamba, raha. Tramu inavuka mto hadi Rabat, ila mimi nilipendelea mitumbwi ya makasia inayovusha watu kwa dirhamu chache. Teksi ndogo za buluu za Rabat hazivuki kuja Salé, usibishane na dereva. Na ukila samaki mjini uliza bei kabla hawajampima. Mgahawa mmoja ulituletea bili iliyotunyamazisha meza nzima.

Kutoka nako ni kwa ruhusa ya bahari. Sisi tulisubiri wimbi lishuke ndipo rubani akatutoa. Mwenye tiketi ya ndege mfukoni, au mgeni aliyemwahidi tarehe, afadhali aende Tangier, ambako marina imekingwa na ukuta wa bandari wa kuzuia mawimbi.