Intakomu ya ESP32 niliyomfungia bibi hapa Mikindani, inafaa kweli?

Mambo vipi wadau, leo sipo kule mjini Mtwara kwenye meza yangu, nipo Mikindani nyumbani kwa shangazi, na hiki kiboksi mkononi, intakomu ya kuongea chumba hadi chumba, ndo kile mnachoniuliza kila siku. Nimekileta huku makusudi. Hii nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, ona ukuta ulivyo mnene, mtu wa chumba cha nyuma akiita ukiwa barazani husikii kitu. Shangazi toka alfajiri yuko barazani na vitumbua vyake, bibi kalala kule nyuma miguu inamsumbua, simu ya batani anayo ila namba hazioni tena. Sasa yeye anahitaji kitu kimoja, kitufe kikubwa, abonyeze aongee, basi.

Haya sogea tuone ndani. Hii ni ESP32, kikompyuta cha chipu moja chenye redio ya Wi-Fi ndani yake, hii ndogo ya duara ni maiki ya INMP441, hii ni amplifaya MAX98357A ya kukuza sauti, na spika nimeitoa kwenye redio mbovu. Viboksi viwili, kila kimoja kina vitu hivyo hivyo. Mimi pande zote mbili na betri zake zimenitoka chini ya laki moja na nusu, na hakuna vocha wala bando wala ruta, maana ESP32 zinaongea zenyewe kwa ESP-NOW, njia yao ya kurushiana data moja kwa moja.

Wengi mmeniambia mbona usitumie Arduino Uno, kile kibao cha wanaoanza, na kiredio cha nRF24L01, ni rahisi zaidi. Kweli ni rahisi, mimi nilianza nayo, ila kwa sauti siirudii. Piga hesabu na mimi hapa: sauti nachukua sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 16,000 kwa sekunde, kila moja baiti moja, hizo ni baiti 16,000. Pakiti ya nRF24 inabeba baiti 32, kwa hiyo urushe pakiti 500 kila sekunde, na Uno ina RAM ya kilobaiti 2 tu, zikipotea kidogo tu sauti inakatika katika. ESP-NOW, hata ile ya toleo la kwanza, pakiti moja inabeba mpaka baiti 250, yaani pakiti 64 zinatosha, na chipu ina viini viwili vya kufanyia kazi, kimoja kinasikiliza maiki kingine kinashughulika na redio. Utofauti unausikia mwenyewe, bibi akikohoa unajua ni bibi.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo wengi mnakwama. Siku ya kwanza kila nikibonyeza kitufe kiboksi kinazima na kuwaka upya, nikadhani ESP32 imekufa, nikabadilisha programu usiku mzima, kumbe programu haina shida hata kidogo! Redio ikianza kurusha inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na kichaji nilichokuwa nacho kilikuwa dhaifu na waya mwembamba, volti zinashuka ESP32 inajizima. Nikabadilisha kichaji, nikaweka kapasita ya maikrofaradi 470 karibu kabisa na amplifaya, ule mlio wa zzzz nao ukapungua sana. Yaani kabla hujagusa programu, angalia umeme kwanza.

Na maiki, tundu lake liko upande wa nyuma wa kibao chake cha saketi, siyo upande wenye kile kichuma kinachong'aa. Usilizibe na gluu! Pini ya L/R ipeleke graundi. Spika nayo, ya omu 4 kwa volti 5 inakupa kama wati 3, hii yangu ya redio ni omu 8 nguvu inashuka karibu nusu, ila kwa chumbani inatosha.

Kuongea wote wawili kwa pamoja kama simu nimejaribu, nikaacha. Spika na maiki zikiwa boksi moja sauti inatoka huku inaingia kule inarudi tena, inapiga mluzi mpaka unaumiza masikio. Ndo maana ya kitufe, ukibonyeza unarusha, ukiachia unasikiliza. Bibi kazoea siku hiyo hiyo.

Kuhusu ukuta sitawadanganya. Masafa ya 2.4 GHz hayapendi mawe mazito, kuta mbili zinapita vizuri, ya tatu sauti inaanza kurukaruka, nikahamishia kiboksi cha bibi pale juu usawa wa mlango, ikatulia. Halafu hapa narusha kwa anwani ya wote na hiyo ESP-NOW haiifichi, mwenye ESP32 yake jirani kwenye chaneli hiyo hiyo anaweza kusikiliza, kwa hiyo mambo ya pesa msiongelee humu.

Kwangu mimi kwa nyumba ya mgonjwa au duka lenye stoo nyuma, nunua vifaa uunge. Kwa shambani kwenye mikorosho hapana, huko tafuta redio kol za kweli.

Shangazi kashaniomba cha tatu, kikae jikoni uani, na kwa vile tunarusha kwa wote hivi viwili havihitaji kubadilishwa chochote, nachoma programu ile ile kwenye ESP32 nyingine tu. Spika yake ndo bado naitafuta pale sokoni.