Valvu ya PCV ya Toyota za zamani: jenuini, ya kuiga au ya mtumba?

Corolla AE100 na Probox za mwanzo bado zimejaa Mombasa, na malalamiko ya wenye nazo ni yale yale: sili ya nyuma ya krenki imebadilishwa, muda si muda oili inavuja tena pale pale. Lawama humwangukia fundi au sili. Kabla ya kushusha giaboksi mara ya pili, itazame valvu ya PCV, kijidude cha kupumulia injini kilicho juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Madukani huuzwa kwa sura tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Injini inapofanya kazi, gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikibeba mvuke wa maji na petroli isiyoungua. Valvu huiachia gesi hiyo ivutwe hadi manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) ikaungue. Ndani mna kipini na springi. Gari ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), mvuto wa manifoldi ni mkali, kipini huvutwa na njia hubaki nyembamba. Ukikanyaga mafuta mvuto hupungua, springi hukisukuma kipini nyuma na njia hupanuka. Ikiziba, presha hujaa chini na kutafuta pa kutokea: sili, gaskiti ya tapeti kava, hata tundu la dipstiki. Ikikwama wazi, hewa huingia kupita kiasi, sailensi hutetema na oili huliwa.

Kwa hiyo mali ya kifaa hiki ni springi yake, na hapo ndipo ile ya kuiga inapotuangusha. Kwa nje ni pacha wa jenuini. Muuzaji ataitikisa usikie inagonga, lakini mlio huo unaonyesha tu kwamba kipini hakijakwama; nguvu ya springi haionyeshi, wala upana wa tundu. Ukifunga yenye vipimo vya kubahatisha, injini ya zamani isiyo na hitilafu huanza kuonyesha dalili za ugonjwa isiokuwa nao.

Ya mtumba hatuipendekezi kabisa. Kuiosha kwa kabu klina huondoa utando, lakini springi iliyochoka haichangamki kwa kuoshwa.

Jenuini ndiyo ya kununua. Namba ya spea ya Toyota kwa valvu hii huanza na 12204. Usiombe “ya Corolla” tu. Nenda na kodi ya injini (herufi na namba za aina yake, kama 5A-FE) na namba ya chesisi, kwa sababu ya 5A-FE ya Corolla huchomekwa kwenye raba ilhali ya 1NZ-FE ya Probox ina nyuzi na hufungwa kwa spana. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kuiga, lakini ukiiweka kando ya gharama ya kushusha giaboksi, ni ndogo.

Ukiwa dukani, chomeka kipande safi cha paipu ya mpira upande unaoingia kwenye kava, upulize: hewa ipite kwa urahisi. Geuza, upulize upande wa manifoldi: ipite kwa shida. Usivute kwa mdomo, hasa iliyokwisha kutumika, kwani mabaki ya petroli ndani yake ni sumu.

Nunua na raba yake pamoja na paipu. Kwenye AE100 raba kuukuu huwa ngumu, na valvu inapong'olewa hukatika vipande vikaangukia ndani ya kava. Injini ikiwa baridi, bana klipu kwa plaizi, toa paipu, kisha zungusha valvu huku ukiivuta juu taratibu. Kila kipande cha raba kitolewe. Paipu iwe ya kuhimili oili na petroli. Ile ya maji ya hita hufura kwa oili, ikalainika na kujifunga yenyewe kwa mvuto. Tazama pia paipu ya pili, itokayo kwenye kava kwenda njia ya ea klina. Ikiwa imelowa oili, gesi ilikuwa ikirudi kinyume.

Baada ya kufunga, washa gari ipate moto, ibaki sailensi. Toa paipu ile ya pili kwenye kava, uzibe mdomo wa kava na mwisho wa paipu, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Ndani ya dakika moja hivi inapaswa kuvutwa chini. Ikirushwa juu na moshi ukatoka ilhali valvu ni jenuini na paipu ni mpya, pima kompresheni: huenda ringi zimelika, na ikiwa ndivyo hakuna valvu itakayozuia sili kuvuja.