Kambi ya kutafakari ya siku 10: kimya kizuri, fomu mbovu

Mimi ni nesi, kwa hiyo nilianza na fomu. Inauliza mzio, ujauzito, hata kama unakoroma. Magonjwa ya akili, kimya. Hapo nawakata nyota mbili.

Mengine sina neno. Kengele saa kumi alfajiri, simu zinafungiwa kabatini, choroko na chapati zisizo na mafuta mengi. Magoti yanalia, halafu yanazoea.

Ila jirani yangu ukumbini, dada aliyetafakari miaka mingi, alikosa usingizi na kuuona mwili kama si wake. Mwalimu akamwambia aendelee kuketi, eti ni uchafu unatoka. Nikabishana naye. Mtafiti Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa madhara ya kutafakari mwaka 2017: hofu, kukesha, kujihisi nje ya mwili, tena hata kwa wazoefu. Mapitio ya tafiti ya Miguel Farias na wenzake ya 2020 yalikuta madhara kwa takriban asilimia 8 ya wanaotafakari. Wachache, sawa, lakini hata Panadol ina karatasi ya tahadhari ndani ya boksi!

Unalala vizuri na huna historia ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo)? Nenda. Vinginevyo muone daktari kwanza.