Namba ya siti ilibaki ileile, ndege ikabadilika: uzoefu wangu wa kulipia siti mapema

Naandika haya kwa ajili ya anayesafiri na mzazi mtu mzima au mgonjwa, akalipia siti mapema, akajua hilo limeshaisha. Halijaisha mpaka mmekaa.

Safari yetu ilikuwa Dar es Salaam kwenda Houston kwa kuunganisha ndege, mimi na mama yangu. Mama ana goti bovu. Akikaa muda mrefu linakaza, na kuinuka kutoka kwenye siti nyembamba ni maumivu ambayo huwa anayameza kimya kimya, ila usoni unayaona. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari ya chakula au mizigo, niliangalia ramani ya siti. Kipande cha kwanza, cha usiku kutoka Dar, kilikuwa kwa Airbus A330. Kwa watu kama sisi ndege hii ina sifa moja kubwa: daraja la kawaida hupangwa 2-4-2, yaani kando ya dirisha siti ziko mbilimbili tu. Mama angekaa upande wa njia, mimi dirishani, na asingekuwepo mtu wa tatu wa kumfanya ainuke. Nikachagua 31A na 31C, nikalipa dola 35 kwa kila moja, nikatumiwa risiti za siti mbali na tiketi.

Asiyezoea atashangaa A na C kuwa majirani. Baadhi ya mashirika huruka herufi B kwa makusudi kwenye ndege zenye siti mbili pembeni, ili A ibaki ya dirishani na C ibaki ya njiani, sawa na ilivyo kwenye ndege ndogo za siti tatu-tatu. Ni utaratibu wenye mantiki. Kwetu ndipo balaa lilipoanzia.

Safari ikiwa imekaribia, niliingia kuhakiki kama ombi la kiti cha magurudumu cha mama bado lipo. Lilikuwepo. Lakini kwenye maelezo ya safari, pale panapoandikwa aina ya ndege, 333 ilikuwa imegeuka 77W. Misimbo hiyo wengi hawaitazami: 333 ni Airbus A330-300, 77W ni Boeing 777-300ER. Muda wa kuondoka uleule, namba ya safari ileile, na sikuwa nimepata barua pepe wala ujumbe wa simu. Nikafungua ramani. Ile 777 ya shirika tulilokata tiketi imepangwa 3-4-3, yaani siti tatu kila upande na nne katikati. Siti 31A ipo, 31C ipo, zote kwa majina yetu. Katikati yake imezaliwa 31B, na tayari ina mtu.

Maana yake ni kwamba yule mtu wa katikati kila akitaka kwenda msalani, mama ainuke na goti lake, asimame njiani, asubiri, akae tena. Usiku kucha. Na mimi nikitaka kumsaidia, nimruke mtu nisiyemjua. Halafu kuna suala la upana. Siti ya A330 huwa na takriban inchi 18. Ya 777 iliyopangwa kumi kwa mstari huwa kama inchi 17. Mwaka 2013 Airbus walianzisha kampeni ya kutaka inchi 18 ziwe kiwango cha chini kwa safari ndefu. Walikuwa wanatetea biashara yao, hilo linaeleweka, lakini aliyewahi kukaa saa nyingi na mguu unaouma hahitaji kampeni kumwambia inchi moja ina uzito gani.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, sina lalamiko juu yake. Akaangalia, akasema, "Siti zenu zipo kaka, 31A na 31C, hazijaguswa." Nikamuuliza, hiyo 31B imetoka wapi? Akanyamaza kidogo, akarudia kwamba mfumo unaonesha hakuna mabadiliko.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mambo yanavyokwenda, na ni kitu ambacho kila anayelipia siti anapaswa kukijua. Ndege ikibadilishwa, kompyuta hulinganisha namba kwa namba. Siti yako ikiwa haipo kwenye ndege mpya, inakuhamishia kwingine, na mara nyingi unapata taarifa. Namba ikiwepo, inakuacha hapohapo na kuhesabu kwamba umepata ulichokilipia. Mimi sikulipia tarakimu na herufi. Nililipia siti mbili zisizo na mtu katikati, na hizo kwenye ile ndege hazikuwepo kabisa.

Nilipoendelea kusisitiza, wakataka kuniuzia siti za mlango wa dharura kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu zina nafasi ya miguu. Mama ana ombi la kiti cha magurudumu kwenye bukingi hiyohiyo waliyokuwa wameifungua mbele yao! Abiria anayehitaji msaada wa kutembea haruhusiwi kukaa mlango wa dharura, kwa sababu anayekaa pale lazima aweze kufungua mlango na kusaidia wengine kutoka. Ningelipa, kisha tungeondolewa siku ya safari. Hili liliniuma kuliko 31B yenyewe.

Kisha ikaja ile ya kurushiana mpira. Tiketi tulikata kwa wakala wa usafiri aliyeko mtaa wa Posta, Dar, siti nikalipia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika. Shirika likasema nikamwone wakala kwa kuwa tiketi ni yake. Wakala akasema siti haijapita kwake, na kwa hilo alikuwa na haki. Ukiweza, tiketi na siti zitoke mlango mmoja.

Niseme kwa haki: sipingi ndege kubadilishwa. Injini zinahitaji matengenezo, abiria wanaongezeka, ndege mpya zinachelewa. Boeing 777X ilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2020 na tarehe imekuwa ikisogezwa, na Julai 2023 ilitangazwa kwamba injini nyingi za Pratt & Whitney zilizofungwa kwenye A320neo zinapaswa kushushwa zikakaguliwe. Ratiba ya shirika lolote inaweza kuvurugika. Masharti ya usafiri nayo yanasema waziwazi kwamba namba ya siti haina uhakika na inaweza kubadilishwa kwa sababu za uendeshaji au usalama. Ninachopinga ni kuchukua pesa kwa ajili ya nafasi fulani, kuiondoa nafasi hiyo, halafu kukaa kimya.

Kilichotusaidia ni kuacha kudai siti isiyokuwepo na kutafuta iliyo bora kwenye ndege iliyopo. Kwenye 3-4-3, msikimbilie dirishani mkiwa wawili na mmoja ana shida ya mguu. Nendeni safu ya katikati yenye siti nne, mchukue D na E. Mwenye goti akae D, njiani. Wewe kaa E. Wa F na wa G wana njia yao upande wa pili, kwa hiyo hakuna mwenye sababu ya kumwinua mzee wenu ila wewe. Kwenye simu waliniambia hizo nazo ni za kulipia upya, na cheki-in ya mtandaoni ilipofunguliwa ilikataa kutuhamisha.

Tukaenda uwanjani mapema sana, Terminal 3, kaunta zikiwa ndiyo kwanza zinafunguliwa. Dada wa kaunta alimwamkia mama shikamoo kabla hajagusa pasipoti, mama akaitikia marahaba mwanangu. Sikumweleza hadithi ndefu. Nilimwonesha skrinshoti mbili kwenye simu, ramani ya kwanza na ya sasa, nikasema, "Dada, tulilipia hizi mbili, sasa kuna mtu katikati. Naomba D na E mstari wowote." Aliziangalia, akamtazama mama alivyoegemea mkokoteni, akageuza kioo cha kompyuta ili nami nione. Mstari wa 34 ulikuwa na D na E wazi. Akaandika, akachapa bodingi pasi mpya, akazungushia namba kwa kalamu, akamkabidhi mama mkononi: "34D ni yako mama, upande wa njia." Hakutoza kitu. Alituambia watu wa makundi wakishaanza kuingia, siti za pamoja huisha mara moja.

Ndani ya ndege mambo yalikwenda vizuri. Mama aliinuka alipotaka mwenyewe, akanyoosha mguu, akatembea hadi jikoni kwa wahudumu na kurudi. Jamaa wa F alitokea upande wa G safari nzima, hatukugusana.

Kuhusu pesa. Nilipodai dola 70, jibu la kwanza lilikuwa kwamba siti zilibadilishwa uwanjani kwa ombi langu mwenyewe, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Jibu hilo litawafika wengi, jiandaeni nalo. Nikatuma upya: skrinshoti zenye tarehe, namba za risiti za siti (zina tarakimu 13 kama tiketi, zitunzeni), na sentensi moja kwamba ndege niliyouziwa haina siti katikati ya 31A na 31C, na mliyoleta inayo. Na kwa kuwa tiketi yetu ilikuwa moja hadi Houston, nikataja kanuni ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani ya mwaka 2024, inayotaka abiria wa safari za kwenda, kutoka na ndani ya nchi hiyo warudishiwe ada ya huduma ya ziada waliyoilipia wasiipate, ikiwemo kuchagua kiti. Wakajibu kwa kunipa vocha. Nikakataa kwa upole, nikaomba irudi kwenye kadi iliyolipa. Ilirudi.

Wanaosafiri na mashirika ya Ulaya wasichanganye mambo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inatoa asilimia 30, 50 au 75 ya bei ya tiketi kulingana na umbali, lakini ni kwa aliyeshushwa daraja, mfano kutoka biashara kwenda la kawaida. Kuhamishwa siti ndani ya daraja lilelile hakumo. Huko msingi wako ni ile ada uliyolipa, uidai hiyo.

Nitasafiri nao tena? Ndiyo, ndege ilikuwa safi na wahudumu walimjali mama. Kaunta ya Dar naipa nyota tano bila kusita. Huduma ya kulipia siti naipa mbili, kwa sababu pesa ilirudi, japo kwa kuidai. Ombi langu kwa shirika nimeshaliandika kwao na nalirudia hapa: aina ya ndege ikibadilika, kila aliyelipia siti atumiwe ramani mpya siku hiyohiyo na aulizwe kama anabaki, anahama au anarudishiwa pesa zake, hata kama namba yake imebaki palepale.