Uzoefu wangu na mafunzo ya hali ya hewa kijijini (PICSA): nendeni, ila si kwa ajili ya utabiri

Naandikia wakulima wenzangu wa Dodoma, hasa wa Kongwa na Mpwapwa, wanaouliza kama inafaa kwenda kukaa kwenye vikao vya hali ya hewa wakati mashamba yanasubiri kusafishwa. Mimi nasema nendeni. Ila anayekwenda ili aambiwe mwaka huu mvua itanyesha au haitanyesha, atarudi amenuna.

Mbinu yenyewe inaitwa PICSA, kifupi cha Kiingereza cha huduma shirikishi za hali ya hewa kwa kilimo. Ilibuniwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na hapa nchini ilifika mapema kwa jirani zetu wa Kiteto na kule Longido. Afisa ugani anakaa na kikundi miezi kadhaa kabla ya mvua, na mwanzoni hagusi kabisa habari za mwaka huu. Anabandika ukutani grafu za miaka ya nyuma kutoka kituo cha hali ya hewa: mvua ilianza lini, ilikatika lini, jumla milimita ngapi.

Hapo ndipo utamu ulipo. Wazee wetu walikuja na kauli moja, kwamba mvua imepungua. Grafu haikuonyesha jumla ikishuka waziwazi. Ilionyesha mwanzo unaorukaruka, mwaka mmoja Novemba mwishoni, mwaka mwingine Krismasi imepita na bado vumbi. Mzee mmoja akasimama: "Bwana shamba, hicho kipimo kilikuwa shambani kwangu?" Swali zuri sana. Mvua za huku kwetu hunyesha kwa kuruka, kijiji hiki kinalowa na cha pili kinatazama tu. Afisa alikubali, hakubishana, na kikundi kikaomba kipima mvua kiwekwe shuleni. Kimewekwa, na wanafunzi wanaandika kila asubuhi. Bila ubishi ule kisingekuwepo.

Baada ya grafu mnapewa jedwali la mazao: mbegu hii inataka siku ngapi, inataka maji kiasi gani. Kisha mnahesabu wenyewe, kwa kidole, ni miaka mingapi mvua ilidumu kiasi cha kutosha. Kwetu, miaka ambayo mahindi ya muda mrefu yangekomaa vizuri haikufika nusu. Mtama wa Macia, mbegu inayokomaa mapema, ulipita kwa mbali. Tena hapo hatujaingiza ule ukavu wa Februari, unaokuta mahindi yanatoa mbelewele. Mimi na mume wangu tulitoka pale tukabishana mpaka nyumbani, mwisho tukapunguza mahindi, tukaongeza mtama na alizeti. Hakuna aliyetuamuru, na hilo nalipenda. Nimehudhuria mafunzo mengi ambayo mtu anakuja na jibu lake mkononi.

Utabiri wenyewe unaletwa baadaye, ukishatangazwa na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), mvua zikiwa zinakaribia. Watu wengi wanakosea kuusoma, kwa hiyo nieleze. Chukua miaka 30 iliyopita, ipange kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi, igawe mafungu matatu. Fungu la mwisho ndilo "juu ya wastani". Ukisikia uwezekano wa juu ya wastani ni asilimia 45, ujue mafungu mawili mengine bado yamebakiwa na 55. Mwaka 2023 ilipotangazwa El Nino, mtaani kila mtu alikumbuka mafuriko ya 1997/98, na wapo waliotaka kuacha mtama kabisa wapande mahindi shamba zima. Waliokuwa wamekaa kwenye vikao walikuwa watulivu kidogo.

Tulikuwa pia na wafugaji na dereva mmoja wa lori la mahindi. Mfugaji hana shida na milimita; anataka kujua malisho yatachipua lini na lambo litadumu hadi mwezi gani. Dereva aliuliza barabara itakatika wiki ipi, akaambiwa utabiri wa msimu hauwezi kujibu hilo, asubiri ule wa siku kumi. Grafu zote zilikuwa za wakulima. Kama mnataka wafugaji waje, waandalieni za kwao.

Malalamiko yangu makubwa ni mawili. Kuna huduma ya ujumbe wa simu tuliyounganishwa nayo, jina silitaji, inayotuma taarifa moja kwa mkoa mzima, na mara nyingine "jiandae kupanda" inafika wakati walioberega mashamba (waliosafisha na kupanda bila kulima) wameshaotesha na wanaanza palizi. Niliifuta. La pili ni bajeti shirikishi, ile ya kupiga hesabu ya mbegu, vibarua na mavuno kabla hujalima. Ni nzuri mno, lakini tulitumia bei ya gunia ya soko la Kibaigwa ya msimu uliopita. Mvua ikiwa nzuri kwa wote, bei inaanguka, na faida uliyoiona kwenye karatasi huioni mfukoni. Tuliomba safu ya bei mbaya iongezwe kwenye jedwali. Afisa aliichora palepale kwa kalamu.

Kama muda ni mdogo, msikose kikao cha grafu na cha bajeti. Cha kuchora ramani ya mali za kaya mnaweza kumtuma kijana akawawakilisha. Nendeni na daftari la mistari mikubwa na kikokotoo cha simu, na wenye mashamba ya pamoja waende mke na mume. Malipo hakuna, chai ipo.